Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuuliza Seli Imelalia Nini

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa maabara ya seli atavua koti lake jeupe na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina refu ambalo hakuna anayelitumia. Kwetu sisi ni Bi Jeli. Hata mlinzi wa getini akipokea barua yenye jina lake kamili huuliza ni ya nani.

Kamati ya jarida iliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Uchangamfu upo, ila mambo aliyoyafanya mama huyu hayaenei ukurasa mmoja, na mengine hayachangamshi. Nimeyaandika yote. Atakayekata mstari ajue nina nakala.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na sita, cheti cha ufundi wa maabara cha miaka miwili, na viatu alivyoazima kwa wifi yake. Kazi aliyopewa ilikuwa kulea seli. Maabara yetu inachunguza jinsi seli changa zinavyokua na kuwa seli za mafuta, zile zinazotunza akiba ya mwili chini ya ngozi na tumboni. Seli hizo hutoka kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na wakaridhia kutuachia kipande. Huwekwa kwenye visahani vya plastiki, hupewa maji ya lishe yenye rangi ya waridi, kisha hutiwa dawa ya kuzichochea. Zikikubali, baada ya wiki tatu hujaa matone ya mafuta yanayong'aa chini ya hadubini. Zisipokubali, hukaa vilevile zikikutazama. Bi Jeli alizibadilishia maji kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu, isiwe sikukuu.

Alikuwa na sheria zake. Mlango wa chumba cha seli haubamizwi. Manukato mwisho wake kwenye ngazi. Anayepiga chafya anatoka, hata awe nani. Siku moja mgeni mkubwa aliyekuja na wapiga picha alipiga chafya mbele ya kabati la joto, na Bi Jeli akamshika mkono kwa heshima zote na kumfikisha nje. Picha iliyotoka kwenye jarida hili mwezi ule inamwonyesha mgeni akitabasamu kwenye ujia, pembeni ya mtungi wa kuzimia moto.

Mwaka wake wa sita, visahani vya plastiki viliisha na shehena mpya ikakwama njiani. Seli zilikuwa tayari na hazina pa kukaa. Kabatini kulikuwa na visahani vya kioo tu, na juu ya kioo kile seli zilikuwa haziishi vizuri. Bi Jeli akaenda maabara ya jirani, ambako wanachuja protini kwa kutumia jeli ya kuganda, akaomba iliyobaki. Akaimimina nyembamba juu ya kioo, akaiosha mara nyingi hadi sumu yake ikaisha, akaipaka utando wa kolajeni ili seli zipate pa kushika, kisha akazilaza. Alitaka zisife tu mpaka plastiki ifike.

Siku ya tisa alitazama kwenye hadubini akadhani amechanganya visahani. Seli zilizokuwa juu ya jeli zilikuwa zimeviringana na kujaa matone ya mafuta. Zile zilizowahi visahani vya mwisho vya plastiki, ndugu zao kutoka kwa mgonjwa yuleyule, zenye maji yaleyale na dawa ileile, zilikuwa zimejinyoosha bapa, na mafuta hakuna.

Akamwita Profesa, mwanzilishi wa maabara hii. Profesa alitazama muda mfupi, akanyoosha mgongo.

"Umechafua," alisema. "Mwaga zote, uoshe kabati, uanze upya."

"Sijachafua, Profesa. Uchafu ungeua. Hizi zina afya kuliko zile."

"Basi umekosea kipimo cha dawa."

"Nilipima mara moja, nikagawa kutoka chupa moja. Kilichotofautiana ni kitanda."

"Kitanda," Profesa alirudia, na wanafunzi wawili waliokuwa mezani wakacheka. "Bi mkubwa, seli haina mgongo. Itajuaje godoro?"

Mzaha ule ulidumu miaka minane. Kila alipochelewa kikaoni kuna aliyeuliza kama ametandika. Jina la Bi Jeli nalo lilizaliwa wiki ile, kwa kejeli. Yeye alilichukua, akaliandika kwa wino usiofutika kwenye koti lake, juu ya mfuko. Na visahani hakumwaga. Alivipaka rangi nyekundu inayoshika mafuta, akavipiga picha, akachora kila kimoja kwenye daftari, kisha akaenda kwa Profesa na kumwambia ameosha kabati kama alivyoagizwa. Hayo mengine hakuulizwa.

Shida ilikuwa kipimo. Kusema hii laini, hii ngumu, hakutoshi mbele ya wasomi. Mumewe, ambaye ni fundi wa makochi, ndiye aliyemvusha. Shemeji yetu huyu hajawahi kuingia maabara, lakini anaweza kubonyeza sponji kwa kidole gumba akakwambia kochi litabonyea lini. Alimsikiliza mkewe mezani, akaenda karakana, akarudi na gololi ya chuma iliyotoka kwenye beringi ya baiskeli.

"Weka hii juu," alisema. "Ikizama sana, laini. Ikizama kidogo, ngumu. Wewe si una mashine ya kuona vidogo? Pima imezama kiasi gani."

Ndivyo alivyofanya. Kila siku saa ya chakula, wenzake wakiwa kantini, yeye alivaa glavu mbili mbili, akachanganya jeli chini ya feni ya kuvuta hewa chafu, na kuzipanga kwa namba kuanzia moja, laini kama mafuta yenyewe yalivyo mwilini, hadi tisa, inayokaribia ugumu wa gegedu. Aligundua seli ni kitu chenye mikono. Ikilazwa pagumu hushika, huvuta, na kwa kuwa inachokivuta hakisogei, hujitandaza na kukakamaa; hapo kuwa seli ya mafuta inakuwa kazi kubwa. Ikilazwa palaini, inachokivuta kinaifuata, basi hulegea, huviringana na kuanza kuweka akiba. Namba moja na mbili zilijaa matone. Kuanzia namba sita, karibu hakuna. Alirudia hesabu hiyo mara kumi na moja, kwa seli za wagonjwa kumi na mmoja.

Mara tatu aliomba kuyasema hayo kwenye kikao cha idara. Mara mbili muda uliisha. Mara ya tatu alipewa dakika tano, na swali pekee aliloulizwa lilikuwa kama jeli ile inapatikana kwa ladha ya ndimu. Alijibu kwamba kabla ya kuganda ni sumu, na muulizaji anakaribishwa kuionja.

Hata hivyo mambo yakawa ya ajabu kidogo. Wanafunzi waligundua kwamba juu ya jeli yake mafuta yanakuja haraka na wao wanamaliza kazi mapema. Wakaanza kumwomba kimyakimya. Mpaka mwaka wake wa kumi na nne, nusu ya visahani vya maabara vilikuwa na jeli chini, na hakuna ripoti hata moja iliyoitaja.

Mwaka huohuo ikaja Namba Kumi na Saba.

Ilikuwa dawa iliyotengenezwa na idara yetu, na matokeo yake yalikuwa ya kupigiwa makofi. Visahani visivyo na dawa vilijaa mafuta mekundu. Vyenye dawa vilikuwa vyeupe. Dawa ya kuzuia seli za mafuta zisizaliwe: viongozi walishikana mikono, gazeti likaja, na watu arobaini wakaandikishwa kuimeza kwa majaribio. Walishapimwa damu. Fomu ya mwisho ya kuthibitisha kazi ya maabara ilitakiwa kwenda kwenye bodi ya maadili Jumatatu, na ilihitaji sahihi ya mlezi wa seli.

Bi Jeli alichukua fomu, akachukua na daftari la mwanafunzi aliyefanya jaribio, akasoma vyote viwili amesimama. Kisha akagonga mlango wa Profesa. Nilikuwa humo ndani, ndiyo maana nayajua maneno.

"Profesa, visahani visivyo na dawa vililazwa kwenye jeli yangu. Jeli ikaisha. Vyenye dawa vikalazwa kwenye plastiki tupu. Imeandikwa hapa, kwa kalamu ya risasi."

"Na?"

"Na plastiki peke yake ingevifanya vyeupe. Hatujui dawa imefanya nini. Labda imefanya kazi, labda ni maji. Nipe wiki tatu, nilaze vyote mahali pamoja."

"Sina wiki tatu. Nina Jumatatu. Weka sahihi."

"Siweki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Profesa. Na nakuheshimu. Ila kuna watu arobaini watakaomeza kitu kwa sababu mimi nimesema nimekiona. Sijakiona."

Profesa hakupandisha sauti. Alimwambia aache funguo mezani. Jumatatu asubuhi Bi Jeli alikuta barua ya uhamisho kwenda chumba cha kuoshea vyombo, ghorofa ya chini, kule ambako chupa za maabara zote huchemshwa na kusuguliwa.

Hapa inabidi niache kujificha nyuma ya neno "yetu". Fomu ile iliondoka siku ileile ikiwa na sahihi. Ni yangu. Nilikuwa msaidizi wake wa miaka miwili, alinifundisha hata namna ya kushika pipeti. Profesa alinisogezea kalamu, akasema sasa mimi ndiye mlezi wa seli, nami nikaandika jina langu bila kusoma daftari. Nilijua kilichomo. Niliogopa chumba cha chini, na zaidi ya hapo sina la kujitetea. Kamati ya jarida imenishauri kwa upole aya hii niitoe, kwa kuwa haihusiani na mstaafu. Inahusiana. Sitoi.

Nilishuka kumwona siku ya tatu. Chumba kilijaa mvuke, naye alikuwa amefunga kitambaa kichwani, anasugua chupa kwa brashi ndefu. Nilitegemea anitukane, ningepumua. Hakugeuka.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, dada."

"Kale kwanza. Sahihi ni yako, mdogo wangu. Na kazi ya kuifuta pia ni yako. Mimi nina yangu."

Kazi yake ilikuwa barua. Aliandikia bodi ya maadili mara ya kwanza, hakujibiwa. Ya pili, hakujibiwa. Ya tatu aliipeleka mwenyewe, siku yake ya mapumziko, akiwa na begi la kitambaa begani, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yao.

"Mama, una miadi?" karani alimuuliza.

"Sina."

"Una cheo gani kwenye utafiti huo?"

"Cheo changu ni kwamba nilikuwepo."

Alikaa kutwa. Siku ya pili aliomba ruhusa kazini akarudi kwenye benchi lilelile. Saa sita mchana mwenyekiti wa bodi, muuguzi mstaafu aliyekuwa akipita kwenda chakula, aliuliza yule mama wa jana anamsubiri nani. Wakakaa wote wawili kwenye benchi. Bi Jeli akatoa begini visahani viwili vilivyofungwa kwa taulo, vilivyokaushwa na kupakwa rangi, seli za mgonjwa mmoja na dawa moja ya kuchochea. Kimoja chekundu. Kimoja cheupe.

"Kipi kina Namba Kumi na Saba?" muuguzi aliuliza.

"Hakuna. Tofauti yao ni kitanda tu."

Muuguzi alivishika kwenye mwanga wa dirisha, akavigeuza, akavirudisha kwenye taulo kwa uangalifu. Chakula hakwenda. Alirudi ofisini kupiga simu, na majaribio yakasimamishwa mchana uleule. Bodi iliagiza jaribio lirudiwe, mara moja vyote juu ya jeli, mara nyingine vyote juu ya plastiki, na lifanywe na yule aliyeweka sahihi.

Nililifanya mimi. Wiki tatu, visahani tisini na sita. Jeli nilimwomba Bi Jeli; aliichanganya palepale chini, glavu mbili mbili juu ya mikono iliyokunjamana kwa maji ya moto, akanipandishia kwenye sinia. Siku ya ishirini na moja nilitia rangi nyekundu na kuosha, nikavipanga mezani. Vya jeli vilikuwa vyekundu vyote, vyenye dawa na visivyo na dawa. Vya plastiki vyeupe vyote, vyenye dawa na visivyo na dawa. Namba Kumi na Saba haikuwa imefanya kitu chochote. Niliandika hivyo kwenye fomu mpya, nikaweka sahihi, na safari hii nilikuwa nimesoma kila mstari. Katika watu wale arobaini, hakuna aliyemeza hata kidonge kimoja.

Profesa alivitazama visahani vile peke yake kwa muda mrefu. Kisha akashuka ngazi. Wafanyakazi wa chumba cha chini wanasema ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona kule. Alisimama kwenye mvuke, miwani imeingia ukungu.

"Rudi juu," alisema.

"Nitarudi kwa mambo mawili," Bi Jeli akajibu, bila kuweka brashi chini. "Kila jaribio liandikwe seli imelalia nini, na ugumu wake kwa namba. Na kila anayelea seli jina lake liwekwe kwenye makala, kama wengine."

"La kwanza sawa. La pili halipo juu yangu."

"Basi nitarudi kwa la kwanza. La pili tutaligombania nikiwa juu."

Alikaa chini miezi kumi na moja kwa jumla, kwa kuwa barua ya kumrudisha ilichelewa kuliko ile ya kumshusha. La pili waligombania miaka minne. Ukifungua leo makala yoyote ya maabara hii, jina lake refu lile utalikuta, na la kila fundi aliyefuata.

Nilimpelekea Profesa nakala ya maandishi haya kabla ya kuyatoa, maana naye ni mstaafu sasa na ana haki zake. Alijibu kwa mstari mmoja: "Andika yote, ila useme wakati huo nilikuwa na nywele." Alikuwa nazo.

Baada ya hapo maabara iligeuka. Swali lililochekwa likawa ndilo swali letu kuu. Tulipima vipande vya mafuta vyenyewe kabla ya kuzitoa seli, tukakuta kwamba kwa baadhi ya wagonjwa walioishi na unene mkubwa miaka mingi, nyama ya mafuta ilikuwa imekakamaa, imejaa nyuzi kama kovu. Seli changa zikilazwa kwenye ugumu wa namna ile hazikui vizuri kuwa seli mpya za kutunza mafuta. Zile za zamani zinalazimika kubeba mzigo wote, zinavimba, na mafuta yanayokosa pa kukaa yanaweza kuishia kwenye ini na misuli, ambako hayatakiwi. Kumbe anayeugua wakati mwingine haugui kwa kuwa na seli nyingi za mafuta. Anaugua kwa kuwa zilizopo zimekosa mahali pazuri pa kukulia.

Jambo hili Bi Jeli hakulichukulia kama la kitabuni. Dada yake mkubwa, mshonaji, ana kisukari, na kwa miaka ishirini amekuwa akiambiwa na kila aliyevaa koti jeupe kwamba hana nidhamu mezani. Kwenye mhadhara wetu wa wazi wa mwaka juzi, daktari mmoja aliposema kwamba watu wa aina hiyo wanajitakia, Bi Jeli alisimama kutoka safu ya mafundi, nyuma kabisa, bila kipaza sauti.

"Mimi nimezilea seli hizi miaka thelathini na moja," alisema. "Nikizilaza vibaya hazikui, hata nizipe nini. Sijawahi kuzitukana. Wewe umesoma kuliko mimi, unawezaje kumtukana mtu mzima?"

Daktari alikaa. Dada yake alikuwa ukumbini, safu ya tatu, kwa gauni aliloshona mwenyewe. Hakupiga makofi. Alitazama mbele, kidevu juu, kama mtu aliyepokea kitu chake kilichochelewa.

Amefundisha mafundi kumi na tisa, na wawili kati yao leo wana maabara zao. Amekataa kuitwa msaidizi kwenye hati sita tofauti, zote zikachapishwa upya. Mwezi uliopita uongozi ulimwomba abaki kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alishukuru, akasema hapana. Wakamwomba miezi sita. Hapana. Wakauliza, kwa wema tu, sasa atakwenda kufanya nini, ana mradi gani, atafungua nini. Wenzake wote waliostaafu walikuwa na jibu la kuku, duka au shamba.

"Nitakaa," alisema.

Wakadhani hawakusikia vizuri.

"Nitakaa kwenye kochi alilonitengenezea mume wangu. Asubuhi nitakaa, na jioni nitakaa. Nimesimama miaka thelathini na mitatu."

Kwa niaba ya mafundi wa maabara ya seli, wa chumba cha kuoshea vyombo, na kwa niaba yangu mimi niliyeweka sahihi siku ile, tunakushukuru, dada yetu. Tunakuombea afya, mume mwenye mikono mizuri na dada mwenye kidevu juu. Tunakutakia ukae. Ukae vizuri, ukae muda mrefu, na atakayekuja kukuuliza siku hizi unafanya nini, mfungie mlango.